Suke la Vitorin wa Akina Pilipili

Baba Paroko, wafiwa wenzetu, majirani wa mtaa wa nyuma ya kanisa, na ninyi akina mama mliokaa karibu na mlango kana kwamba mna safari, familia imemteua Lorenza Xerri, binti wa kaka wa marehemu, awasomee historia ya shangazi yake, na kwa kuwa huyo Lorenza anatajwa humu ndani mara nyingi kuliko alivyopenda, atajitaja kwa jina lake kama anavyotajwa mtu mwingine yeyote, maana anayezikwa leo si yeye.

Tunajua kwamba wengi wenu hamkuja kulia. Mmekuja kusikia jambo moja tu, kama suke la marehemu linakwenda naye kaburini au limebaki, na jambo hilo mtalisikia, ila litakuja mahali pake, baada ya kuzaliwa, shule, kazi, ndoa na ugonjwa, kwa hiyo kaeni mtulie, na anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Marehemu Vitorin Xerri alizaliwa hapahapa Sannat, kisiwani Gozo, tarehe 9 Novemba 1938, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa mzee Kelinu Xerri, mchonga mawe, na mama Ġiża, mfuma lesi, katika familia ambayo kijiji kizima kinaiita akina Pilipili, jina alilopewa babu yake kwa ajili ya ulimi wake, na ambalo marehemu hakulionea haya hata siku moja. Mwaka 1942, vita ilipokuwa imeifunga bahari na mkate ukigawiwa kwa kipimo, mama yake alikuwa akimfunga mguu kwa uzi kwenye mguu wa kiti ili afume bila kumkimbiza, na kaka yake Wistin, ambaye yupo hapa mbele, anakumbuka kwamba mtoto huyo wa miaka mitatu na nusu aliukata uzi kwa meno, akaenda zake, na alipokamatwa hakulia bali alitukana.

Aliingia shule ya msingi ya kijiji Oktoba 1944, akasoma hadi Juni 1949, mwalimu wake akaandika kwenye cheti kwamba ni hodari wa hesabu na mbaya wa tabia, na akiwa na miaka kumi tu, ingawa sheria ilikataa, aliachishwa masomo kwa sababu macho ya mama yake yalikuwa yameanza kumsaliti na nyumba ilihitaji mikono mingine. Tarehe 4 Julai 1949, siku ya Jumatatu, alipelekwa kwa Bi Ursola Haber, aliyekuwa fundi mkuu wa lesi katika mtaa wetu, ajifunze kazi.

Hapa inabidi tuwaeleze wanaume, ambao wamelalia mashuka ya lesi miaka hamsini bila kuyaangalia, suke ni nini. Suke ni ile punje nene ya uzi, iliyotuna tumboni na kuchongoka ncha zote mbili kama punje ya ngano, nayo inafumwa juu ya mto mrefu uliojazwa majani makavu na kuegemezwa ukutani, kwa nyuzi nne zinazoning'inia kwenye vijiti vinne, nyuzi tatu zinatulia na moja inatembea, inapita juu na chini, inakwenda na kurudi, na huo unaotembea ukiulegeza kabla ya kufunga ncha, hata kwa kupiga chafya, suke zima linajikunja na kuwa kifundo kisicho na jina, na hapo dawa ni moja, kufumua. Kila mfumaji wa Gozo ana suke lake. Lakini la Bi Ursola lilikuwa na kingo zilizonyooka na ncha kali kama sindano, halikulegea hata likifuliwa miaka arobaini, na hakuna aliyejua analifanyaje, kwa sababu kila alipofika mahali pa suke Bi Ursola alisema, "Geukeni," na wasichana wote wanane wakageuza viti, wakaangalia ukuta, mikono mapajani, mpaka amalize.

Vitorin aliuangalia ukuta ule miaka miwili na miezi minane. Wenzake walitumia nafasi hiyo kusinzia, yeye alitega sikio, maana vijiti ni mbao na vinagongana, akahesabu milio, siku baada ya siku, akagundua kwamba Bi Ursola alikuwa akinyamaza mara tatu katika kila suke, mahali ambapo mfumaji mwingine hanyamazi, na kwamba siri yote imo mle kwenye kile kimya. Nyumbani alijaribu kila namna ya kunyamaza, mpaka mama yake akadhani amepagawa. Tarehe 12 Machi 1952 aliweka suke moja juu ya mto wa mwalimu wake, Bi Ursola akalitazama, akaligeuza, akalitazama tena, kisha akamzaba kofi mbele ya wote na kumwambia, "Mwizi we, mwizi wa masikio!" Naye Vitorin, miaka kumi na tatu, shavu likiwaka, akamjibu, "Watu husema kuta zina masikio, Bi Ursola, ukuta wako una mdomo," akachukua vijiti vyake, akatoka. Tangu siku hiyo mpaka leo, miaka sitini na mitano kasoro siku chache, akina Xerri na akina Haber hawasalimiani, na hata humu kanisani tunapoambiwa tupeane amani, macho yetu huwa yanatafuta kitu juu ya dari.

Kazi yake marehemu aliifanya mlangoni kwake kuanzia 1952 hadi 2016, alifuma vitambaa vya altare vya parokia tatu, nguo za ubatizo zisizo na idadi, na shela za maharusi ambao baadhi yao wameshakuwa bibi. Alikuwa fundi, na hakuwa mtu mwema. Hakumsifia mfumaji yeyote, aliita kazi za jirani zake nyavu za samaki, na kengele ya saa sita mchana ilipolia, wanawake wote mitaani wakaweka vijiti chini na kufanya ishara ya msalaba, yeye kama alikuwa katikati ya suke hakuinua mkono wala kichwa. Mwaka 1958 wanawake watatu walikwenda kumshtaki kwa paroko wa wakati ule, majina yao hatuyasomi kwa kuwa mmoja wao amekaa hapa na fimbo yake, paroko akaja mpaka mlangoni kumwonya, Vitorin akafunga kwanza ncha ya suke, kisha akamwambia, "Baba, Mungu anasubiri, uzi hausubiri." Inasemekana paroko aliinama kulitazama suke, akarudi zake, na watu hawakumsamehe Vitorin kwa hilo pia.

Alifunga ndoa tarehe 27 Aprili 1963 na Żaren Cefai, dereva wa basi na mpiga tromboni wa bendi ya kijiji, ingawa jina la mumewe hakulitumia hata kwenye bahasha, na wakajaliwa mtoto mmoja, Loreto, aliyezaliwa tarehe 30 Januari 1964, yaani miezi tisa na siku tatu baada ya harusi, kwa faida ya wote waliohesabu. Septemba 1966 Żaren alihamia Melbourne kama walivyohamia nusu ya wanaume wa kijiji hiki, akaandika barua amfuate, marehemu akamjibu kwamba atakuja akimaliza kitambaa kilichoko kwenye mto, na alipokimaliza akaanza kingine. Loreto alimfuata baba yake mwaka 1982. Żaren alifariki hukohuko mwaka 1999, Loreto hakuweza kufika leo, ametuma shada, ni lile lenye utepe mkubwa.

Kwa kuwa marehemu hakuwa na binti, mwaka 1981 alimwomba kaka yake Wistin ampe Lorenza, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, amfundishe kazi, na kuomba ni neno tunalotumia kwa heshima ya mahali hapa, maana alisimama mlangoni akasema, "Huyo mtoto ana vidole virefu, mnampotezea bure kwenye piano, nileteeni." Lorenza alikwenda kila siku baada ya shule, miaka mitano, akajifunza msuko, akajifunza kitambaa chembamba na kizito, akajifunza kuchoma matundu ya ramani kwenye karatasi ngumu, na neno alilolisikia kuliko jina lake lilikuwa "Fumua." Ukikosea, fumua. Ukipatia kwa bahati, fumua, maana bahati haifundishiki.

Lakini Lorenza alitaka suke, na tuseme wazi, hakutaka kitu kingine duniani, si shule wala mchumba. Shangazi yake hakumgeuza ukutani kama alivyogeuzwa yeye. Alifanya jambo baya zaidi, alimwachia aangalie. "Angalia basi, huna macho?" alimwambia, akafuma mbele yake masuke mia, taratibu, huku akicheka, kwa sababu alijua kwamba kile kinachofanyika kwenye kile kimya hakionekani. Lorenza akiuliza, "Shangazi, hapo umenyamaza, umefanya nini?" jibu lilikuwa, "Nimenyamaza. Jaribu na wewe kunyamaza siku moja, utasaidia mtaa."

Tarehe 14 Agosti 1986, mkesha wa sikukuu ya Santa Marija, Lorenza, miaka kumi na sita, alikuwa amefuma masuke saba kati ya manane ya msalaba wa katikati wa kitambaa kilichomchukua miezi mitatu, hayakuwa kama ya shangazi yake lakini yalikuwa ya kupendeza, na alipokuwa tumboni mwa suke la nane kengele ya saa sita ikalia, na mkono wake wa kulia, bila kumuuliza, ukaacha kijiti ukaenda kwenye paji la uso. Suke likajikunja. Vitorin hakusema fumua. Alichukua mkasi, akakikata kitambaa chote kutoka juu mpaka chini, majirani wanne wakiangalia, akasema, "Nenda, kengele yako ikakufundishe." Naye Lorenza akasema neno ambalo halifai kusemwa kwa shangazi, na tunalisema hapa kwa sababu wote mlilisikia na mmelibeba miaka thelathini kama sanduku la harusi, alisema, "Na wewe nenda kwa mumeo, kama bado anakutaka."

Walikaa miaka thelathini bila kusemezana, nyumba zao zikitenganishwa na milango minne. Lorenza aliajiriwa posta, akaolewa, akazaa, na jioni alifuma masuke ambayo watalii waliyasifu na yeye aliyachukia, kwa sababu kila moja lilikuwa na ncha moja kali na nyingine butu, na kila alipopita mlango wa tano alimwona yule bibi ameegemeza mto ukutani, anatoa bila jasho kile ambacho yeye alishindwa kwa maisha yake yote. Msije mkasema alimkumbuka kwa upendo. Alimchukia, na chuki ilimwamsha asubuhi vizuri kuliko kahawa.

Tarehe 18 Februari 2016 marehemu alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, mguu ukabaki nusu, ulimi, kwa bahati mbaya ya wauguzi, ukapona wote. Aliporudi nyumbani mwezi Mei, mzee Wistin alimwomba binti yake ampelekee shangazi chakula, na Lorenza akapeleka supu ya mboga yenye jibini ya mbuzi kila siku kwa miezi minane, kila siku akiambiwa, "Imepoa," na siku aliyoileta ikitokota akaambiwa, "Unataka kuniunguza." Mlisema mtaani kwamba wamepatana. Hawakupatana, na msimpe Lorenza sifa isiyo yake, maana hakwenda kwa huruma, alikwenda kwa ajili ya suke, akiwa na miaka arobaini na sita, akiona kwamba siku zinakwisha na kwamba baada ya mwanamke yule hakuna tena mtu wa kumuuliza. Alimuuliza mara nyingi. "Nikufundishe kwa mkono gani?" ndilo jibu alilopata, na lilikuwa jibu la kweli, maana marehemu hakuwa na maneno ya kuelezea kazi yake, alikuwa na vidole tu, na matusi.

Basi tarehe 11 Januari 2017, Jumatano, marehemu akiwa amekunywa supu yote bila kuitukana, alisema, "Lete mto." Lorenza akauegemeza ukutani katikati yao, yeye kulia, shangazi kushoto, na Vitorin akashika kwa mkono wake mmoja zile nyuzi tatu zinazotulia, akamwachia mpwa wake ule unaotembea. Wanawake wawili, mikono miwili, suke moja. La kwanza likajikunja, la pili likajikunja. "Unavuta kama unavuta punda!" alisema shangazi. "Na wewe umeshika kama maiti," alisema Lorenza. "Maiti bado, subiri zamu yako ya kunifunika." Mtaa mzima mlisikia kelele zile, na mama mmoja alikuja kugonga akidhani mtu anauawa, akafukuzwa na wote wawili kwa sauti moja.

Siku ya saba, au ya nane, Lorenza hakuiandika na anajuta, walipofika kwenye kimya cha kwanza alihisi kitu kikipita kwenye uzi mpaka kwenye mkono wake, kidogo mno, upana wa nywele, wala hakikutoka upande wake. Ni shangazi aliyevuta. Kumbe dunia nzima inavuta ule uzi unaotembea, na Bi Ursola, na Vitorin baada yake, walikuwa wanaushika tu usiende popote, wakavuta zile tatu zilizotulia, mara tatu, tumboni na kwenye ncha zote mbili. Macho hayawezi kuona. Lorenza alikuwa ameangalia masuke mia akiangalia uzi usio wenyewe. Alilia pale pale, si kwa furaha, kwa hasira, na shangazi yake akamwambia asiloweshe uzi.

Yaliharibika masuke kumi na tisa. La ishirini lilimalizika tarehe 2 Februari 2017, saa tano asubuhi, marehemu akaomba kioo cha kukuzia, akaliangalia ncha hii na ncha ile, na Lorenza akasubiri lile neno, fumua, na neno halikuja. Wiki tatu. Miaka thelathini ya kupita mbele ya mlango, na jambo lenyewe lilikuwa la wiki tatu, na hilo Lorenza hajamsamehe shangazi yake, wala hajajisamehe mwenyewe, na anayetaka kumwambia kwamba wafu hawasemwi vibaya amwambie baadaye, nje.

Marehemu aliweka kioo chini, akasema, "Sasa apa. Apa kwa Santa Marija kwamba hutamfundisha mtu."

"Siapi," alisema Lorenza.

"Nitakulaani."

"Umeshanilaani toka mwaka themanini na sita, Shangazi, laana imenizoea."

Vitorin aligeuzageuza mdomo kama mtu anayetafuna kitu kigumu, kisha akasema, kwa sauti ambayo Lorenza hakuwahi kuisikia kwake, karibu ya kuomba, "Basi angalau akina Haber usiwafundishe." Lorenza alikusanya vyombo vya supu na kwenda nyumbani. Kesho yake asubuhi kiharusi cha pili kilimchukua fahamu, akalazwa hospitali siku kumi na nane, hakusema tena, na tarehe 21 Februari 2017, Jumanne, saa kumi na dakika kumi jioni, akafariki, akiwa na umri wa miaka sabini na minane, miezi mitatu na siku kumi na mbili.

Sasa lile mlilolijia. Suke haliendi kaburini. Kwenye jeneza hakuna lesi yoyote, msihangaike kuchungulia. Suke liko kwenye mkono wa Lorenza, ncha zote mbili kali, na kuanzia Jumatatu ijayo, sherehe za kanivali ziwepo zisiwepo, litafundishwa mlangoni kwa marehemu, watu wawili wawili kwenye mto mmoja, mmoja akishika nyuzi tatu na mwingine moja, kwa sababu hatujui njia nyingine. Wa kwanza aliyeandikishwa ni Ġulja, mjukuu wa Bi Ursola Haber, amekaa safu ya nne na skafu ya kijani, alikuja kuuliza jana, akaambiwa alete vijiti vyake. Nyuzi tatu atashika Lorenza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa yule muuguzi kijana aliyeitwa bata kwa siku tisa mfululizo mwaka jana na akaendelea kumgeuza kitandani kwa upole, inawashukuru majirani wote, waliosaidia na waliosikiliza kwenye madirisha, inawashukuru wafanyakazi wa posta waliomshikia Lorenza zamu zake, inamshukuru Baba Paroko kwa kuturuhusu tusome haya bila kuyaona kwanza, jambo ambalo pengine hatarudia, na inamshukuru mzee Wistin, aliyempenda dada yake peke yake, bila msaada wa mtu, kwa miaka yote hii.

Shangazi Vitorin, pumzika kwa amani, ile ambayo sisi hukutupa, na kama huko uliko hasira imekupanda, shauri yako, Jumatatu saa tatu asubuhi tunaanza.